Majibu ya kinyama cha kibofu yameandikwa "metaplasia" ila sio kansa, sasa ni nini?

NgwanaLambo
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Kuna jambo linaninyima usingizi, mwenye uelewa naomba anisaidie, na kama huna cha kusema soma tu upite maana matusi ya humu sina nguvu nayo wiki hii.

Mi ni mdada wa miaka 38, nipo Mwanza. Miaka kama minne hivi nimekuwa mtu wa UTI, kila baada ya miezi miwili mitatu naenda napimwa naambiwa una UTI sugu, nimekula sipro, nimekula azuma, nimechomwa mpaka sindano za masaa, napata nafuu wiki mbili halafu inarudi vilevile. Kukojoa kila saa, panawaka, chini ya kitovu pazito kama nimemeza jiwe. Mwaka huu ikaongezeka damu, sio nyingi, inakuja kwenye yale matone ya mwisho kabisa na sio kila siku. Pale nilipokuwa natibiwa mwanzo walikuwa wanachovya kijiti kwenye mkojo, dakika moja ushaandikiwa dawa, sijawahi kuambiwa mkojo unaoteshwa hata mara moja. Nikahama. Daktari wa huku kusikia damu tu akasema mama hapa tunaingiza kamera.

Kamera nimeingizwa, inasumbua ila sio kama watu wanavyotishana. Akaona pale chini karibu na mlango wa mkojo kuna utando mweupe mweupe na vipele vidogovidogo vinang'aa kama punje za ulezi, akakata vinyama wakapeleka maabara. Siku tisa nikawa mtu wa kusali tu. Majibu yamekuja yameandikwa (natafsiri nilivyoweza, kizungu chao kigumu): metaplasia ya skwamasi isiyo na keratini, eneo la trigoni. Sistaitisi sistika. Halafu chini: hakuna displasia, hakuna kansa.

Daktari alikuwa na foleni mpaka nje, kaniambia "ni mabadiliko tu ya ngozi ya ndani ya kibofu, sio kansa, rudi baada ya miezi mitatu". Nikatoka nimefurahi. Kosa langu nikaingia gugo usiku. Huko nikakuta imechorwa kama ngazi kabisa, seli ya kawaida inakuwa metaplasia, inakuwa displasia, inakuwa kansa. Sasa mi si nimeshapanda ngazi ya kwanza? Mume wangu anasema wamekwambia huna kansa unalia nini, labda ana haki lakini yeye hajasoma nilichosoma.

Naomba mtu anieleze kwa lugha ya kawaida, haya mabadiliko ni nini, yametoka wapi, na yanaelekea wapi.

TibaAsilia_Mkombozi
Pole sana dada. Hiyo ni sumu imejaa kibofu inataka kusafishwa. Kuna mizizi ya siku 21 inatoa uchafu wote na ngozi inarudi mpya kama ya mtoto. Nicheki inboksi.

Mzee wa Darubini
Dada NgwanaLambo pole, na inboksi usiende. Mimi nimefanya kazi maabara ya vinyama miaka mingi, sio daktari wako na sijaiona slaidi yako, ila maneno uliyoandika hapo nayajua kama jina langu, kwa hiyo ngoja nijaribu.

Kibofu ndani kina utando wake maalum, tabaka kadhaa za seli zinazovutika mkojo ukijaa na kujikunja ukitoka, na zile za juu kabisa ni pana kama miamvuli, kazi yao kuzuia mkojo usipenye kurudi mwilini maana mkojo ni mkali. Sasa utando wowote mwilini ukikaa kwenye mazingira yanayoukera muda mrefu, au ukiwa unapata homoni za aina fulani, unaweza kubadili aina ya seli unazotengeneza. Hiyo kubadili ndio metaplasia. Seli zenyewe ni nzima, zimepangana vizuri, zina adabu, ila ni za aina ambayo kwa kawaida inakaa sehemu nyingine. Skwamasi maana yake seli bapa kama zilizopo kwenye ngozi, mdomoni na ukeni.

Hapo ndipo neno la pili linapokuwa na maana kuliko hata la kwanza. Pitisha ulimi ndani ya shavu lako. Laini, pamelowana, eti? Hizo ni skwamasi zisizo na keratini. Sasa shika kisigino chako, au kiganja cha mtu wa jembe, pale penye sugu. Hizo nazo ni skwamasi, ila zina keratini, ni gamba gumu kavu. Wewe umeandikiwa ya shavu. Hujaandikiwa ya kisigino.

Tena ya shavu kwenye trigoni. Trigoni ni kile kipande cha pembetatu sakafuni mwa kibofu, kona mbili za juu ni pale mirija ya figo inapoingilia na kona ya chini ni pale mkojo unapotokea. Kwa wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, kukuta utando wa namna hiyo pale ni jambo la kawaida mno, linafuata homoni ya estrojeni, wataalamu wengi hawauiti hata ugonjwa, wanasema ndivyo wanawake wengi walivyo. Mimi nimeisoma kwenye slaidi za wanawake ambao waliingizwa kamera kwa sababu nyingine kabisa. Kwa maana hiyo huo utando mweupe inawezekana umeishi nao tangu ukiwa msichana.

Sistaitisi sistika nayo jina kubwa mambo madogo. Kibofu kikiwashwa muda mrefu, utando unachomoza kwenda chini kama vichipukizi, vinajikata na kubaki kama viota chini ya ngozi, sisi tunaviita viota vya Brunn. Kiota kikitoboka katikati kikajaa maji kinakuwa kilengelenge. Hizo ndio punje zako za ulezi. Zinatuambia hapa pamekuwa na fujo muda mrefu, basi. Zipo mpaka kwa watu ambao hawajawahi kulalamika chochote.

Na hiyo ngazi ya gugo: wanaichora moja wanaibandika kila mahali. Kwenye mlango wa kizazi wa kila mwanamke aliyevunja ungo kuna metaplasia ya skwamasi, kila mwanamke, na wala haiitwi hatua ya kwanza ya kansa. Kilichopo kwenye njia ya kansa ni displasia, yaani seli zilizopoteza adabu, na wewe umeandikiwa hakuna. Ingekuwa ni ile yenye keratini ningeongea tofauti kidogo, huyo mtu huwa hatumwachi aende zake bila kumwangalia tena.

Kitu kimoja kinanisumbua kwenye maelezo yako ni ile damu ya matone ya mwisho. Vilengelenge vinaweza kutoa damu, ndiyo, ila siachi hapo.

NgwanaLambo
Mzee wangu shikamoo. Umenifanya nipitishe ulimi shavuni mbele ya wateja dukani wakaniona chizi. Mungu akubariki, leo nitakula chakula.

Nyota wa Kisauni
Pole mwaya. Mimi niko Mombasa, nilipewa karatasi kama hiyo miaka mitatu nyuma, yangu ilikuwa sistaitisi sistika peke yake, metaplasia sikuwa nayo. Nililia hivyo hivyo mpaka mamangu akanikemea.

Wacha nikwambie kilichonisaidia. Daktari wangu aliniuliza swali moja tu, hizi UTI zote ulizotibiwa, ni ngapi zilioteshwa maabara zikaonekana mdudu? Nikahesabu, sufuri. Tukaanza kuotesha kila nikihisi dalili, na dadangu, zaidi ya nusu hakukua na kitu! Nilikuwa nakula antibayotiki kwa kibofu kilichovimba kisicho na mdudu. Na zile mara mdudu alipopatikana alikuwa amezoea sipro, hata nikinywa debe lingekuwa bure. Nikapewa dawa iliyoonekana kwenye majibu inamuua, kozi ndefu kidogo, na nikaambiwa nisibane mkojo maana mimi ni mwalimu, saa sita nzima sikuwa nakwenda msalani, vyoo vya shule unavijua. Niliporudiwa kamera baada ya mwaka vile vipele vilikuwa vimepungua sana, havikuisha vyote, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi navyo tena.

Kama kuna akina mama wakubwa wanasoma hapa, waliokoma hedhi, wao wana lao. Mamangu alikuwa anapata UTI kila mwezi, daktari wa wanawake akampa krimu ya estrojeni ya kupaka kule ndani, kidogo tu mara mbili kwa wiki, akatulia. Kule chini hukauka homoni ikishuka, na wadudu hupenda. Aliona haya hata kuinunua, akanituma mimi.

kijana wa bodaboda (mstaafu)
Mi ndo nina ile ya kisigino, kwa hiyo mzee darubini kanigusa.

Nilipata ajali ya boda, uti wa mgongo ukaumia, kibofu kikafa ganzi. Nikawekewa katheta, kile kimpira kikakaa ndani miaka, wanabadilisha kila mwezi wakikumbuka. Baadaye damu, mawe, harufu usipime. Wakaingiza kamera wakakuta kibaka cheupe kama ukoko wa ugali umeganda kwenye sufuria, pana kiasi. Kinyama kikasema metaplasia ya skwamasi YENYE keratini, daktari anaitaga leukoplakia. Akanikalisha chini akaniambia ukweli, hii sio kansa leo, lakini hii ndio ile ambayo kwa baadhi ya watu miaka inaenda inageuka au unakuta kansa imejificha jirani yake, haswa ikiwa imeenea sehemu kubwa, kwa hiyo wewe na mimi tumeoana, kila mwaka kamera. Ikawa hivyo. Mawe yakatolewa, kimpira cha kudumu kikatolewa nikafundishwa kujitoa mkojo mwenyewe, natumbukiza kimpira kisafi kila baada ya masaa manne mpaka sita natoa nakitupa. Mwanzo nilisema siwezi, siku hizi nafanya huku naangalia mpira. Na sigara nikaacha, hiyo ndo ilikuwa ngumu kuliko kimpira. Kanambia moshi unaingia mapafuni ila sumu zake zinatokea kwa mkojo, zinakaa kibofuni kutwa zinaloweka utando, nani angejua.

Kamera ya mwisho kibaka kimebaki vilevile hakijakua. Naishi. Dada ya kwako ni ya shavu, lala.

Mpemba halisi
Assalaam alaykum. Nimesoma yote na hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa. Bibie, umekulia wapi, na ulipokuwa mdogo ulikuwa ukioga maji gani?

Nauliza kwa sababu sisi Pemba damu mwisho wa mkojo tuliijua tangu madrasa. Watoto wa kiume wote tuliotoka kuogelea kijitoni tulikuwa tunakojoa damu na wakubwa wakicheka, eti kabaleghe. Wakaja watu wa afya skuli na fimbo ndefu yenye alama, unasimama wima kando yake kama unapimwa sanda, wanaangalia urefu wako umefika alama gani ndio wanakupa vidonge vya idadi hiyo. Makubwa, machungu, tukivitema nyuma ya choo. Praziquantel. Kichocho kile.

NgwanaLambo
Waalaykum salaam kaka. Sasa mbona umenishtua.

Nimekulia kijijini wilaya ya Misungwi. Lambo lilikuwa nyuma ya nyumba, ng'ombe wanakunywa humo, tunafua humo, tunaoga humo, mvua zikianza tunaingia majarubani kupandikiza mpunga maji mpaka magotini kutwa nzima. Kukojoa damu kaka zangu walikuwa wanakojoa, sisi wasichana nani alikuuliza. Lakini nimehama kijijini nina miaka 17, hiyo ni miaka 21 sasa, na nilikuwa najua kichocho ni cha wavuvi wa ziwani.

Halafu kuna kitu naona aibu kukisema. Baada ya swali lako nimechukua tena ile bahasha. Kumbe karatasi ziko mbili. Mi nilisoma ya kwanza tu, ya pili ilikuwa imenatana nyuma na stepo. Inasema kinyama B, ukuta wa kushoto, kuna granuloma ndogo na "mayai machache yaliyokakamaa kwa chokaa, yanaendana na Schistosoma haematobium". Daktari na ile foleni yake sidhani kama nayeye alifunua. Mzee wa Darubini uko wapi jamani.

Mzee wa Darubini
Marahaba mwanangu nipo, na huyo Mpemba apewe soda kwa gharama yangu. Mimi niliyekaa kwenye darubini miaka yote sikuuliza alikooga mtu.

Sasa picha imekaa. Kichocho kipo cha aina mbili huku kwetu na watu wanavichanganya. Kile cha ziwa lenyewe, cha wavuvi, kwa sehemu kubwa ni cha tumbo, mansoni, mayai yake yana mwiba ubavuni. Cha mkojo, haematobium, konokono anayebeba vimelea vyake majini anapenda malambo, vidimbwi, mifereji na majaruba, na yai lake mwiba uko mkiani. Kwa hiyo wewe hukukosea kusema wavuvi wana kichocho, ulikosea kudhani lambo halina.

Minyoo yenyewe inakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, dume kamkumbatia jike hivyo hivyo maisha yao yote, jike anataga kila siku. Yai lengo lake litoboe ukuta litoke na mkojo, ndio maana ya damu, na damu inakuja mwishoni kwa sababu kibofu kikijikamua tone la mwisho ndio ukuta unabanwa. Mengine hayatoki. Yanakwama ukutani, mwili unayazungushia askari, hiyo ndiyo granuloma, miaka inaenda yanageuka chokaa. Daktari mwenye kamera huwa anayaona kama mchanga uliomwagwa chini ya ngozi. Mchanga huo unakera utando miaka na miaka, na utando unafanya kile tulichosema, unachomoza viota, vilengelenge, na wengine unavaa sugu la kisigino.

Je minyoo bado ipo hai? Mayai ya chokaa hayawezi kukujibu hilo, ni makaburi. Kwa kawaida mnyoo unaishi miaka mitatu mpaka mitano ila wapo walioonekana na minyoo hai baada ya miongo. Halafu swali langu, miaka hii 21 ukienda likizo kijijini hujaingia jarubani? Nenda ukapime mkojo, na usiende alfajiri kama mtu wa malaria, mkojo wa kichocho unachukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hapo ndipo mayai yanatoka kwa wingi, ruka ruka kidogo kabla, uchujwe wauangalie kwa darubini. Kile kijiti cha dakika moja kitaona damu tu na kuiita UTI, nadhani ndicho kilichokupata miaka minne.

Dawa ni ile ya fimbo. Mtu mzima ni miligramu 40 kwa kila kilo, mara moja, kidonge kina 600, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anakunywa vinne kwa pamoja akiwa ameshiba. Usijinunulie lakini, mwambie daktari akuandikie. Inaua minyoo mikubwa, haiui midogo iliyoingia juzi wala haiyeyushi mayai yaliyokwama, ndio maana wengine wanarudishiwa baada ya wiki kadhaa.

Na kwa vile umeshaanza kutetemeka naona, nikwambie wazi na hili, kichocho cha mkojo kimewekwa kwenye orodha ya visababishi vya kansa ya kibofu na shirika la utafiti wa kansa la WHO tangu 1994. Ni kweli. Lakini hiyo ni habari ya watu walioishi nacho miaka mingi bila kutibiwa, na wewe umekatwa vinyama viwili, vyote vimesomwa, vyote hakuna displasia. Unachotakiwa kubadili ni kwamba ile "rudi miezi mitatu" sasa ina sababu, rudi na karatasi zote mbili.

Sista Zawadi
Niongezee kidogo, mi ni muuguzi. NgwanaLambo ukirudi omba na utrasaundi ya figo na mirija yake. Kichocho kinaweza kuweka kovu pale mrija unapoingilia kibofuni, mkojo ukarudi nyuma figo ikavimba kimyakimya bila maumivu, na hilo ndilo tunalolikuta limechelewa.

La pili ni la kike na halisemwi. Mayai hayo hayachagui kibofu peke yake, yanakwama pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni. Kama unapata damu baada ya tendo, au uchafu usioisha, au maumivu, mwambie daktari wa wanawake neno kichocho kwa mdomo wako maana wengi hawatakifikiria, watakutibu magonjwa ya zinaa na kukuharibia ndoa. Nimeona wanawake wameachika kwa sababu ya lambo.

TibaAsilia_Mkombozi
Hiyo mizizi inaua na kichocho pia.

kijana wa bodaboda (mstaafu)
Jana ilikuwa inatoa sumu leo inaua minyoo, kesho itanirudisha kwenye boda. Mkuu pumzika.

Nyota wa Kisauni
😂😂 Haki bodaboda umeniua.
Kweli lakini hata huku kwetu, Kwale na Kilifi, watoto wa mtoni wanakojoa damu mpaka leo. Mimi sikuwahi kuulizwa pia, nimezaliwa mjini lakini likizo zote nilikuwa kwa nyanya shambani. Nitaenda nikapime, saa nne hiyo.

NgwanaLambo
Nimerudi na majibu, samahani nilikaa kimya wiki tatu, nilikuwa nazunguka hospitali.

Nilimpelekea daktari karatasi ya pili, akaisoma, akanyamaza, akavua miwani, akasema mama samahani. Sijamgombeza, foleni yake naijua. Mkojo wa saa tano asubuhi umechujwa, yai moja lenye mwiba mkiani, MOJA, mtu wa maabara kaniita nikaliona mwenyewe, kadogo kazuri ukiachana na kazi kanayofanya. Kaniambia likizo za kupandikiza mpunga ndizo hizo. Nimekunywa vidonge vitano maana mi ni mnene kidogo, nikapata kichefuchefu jioni moja tu. Utrasaundi figo zote nzima, mirija haijavimba. Mkojo ulioteshwa haukuota kitu, kwa hiyo zile sindano za masaa, tuache tu. Daktari wa wanawake kakagua kasema kuna kialama kama mchanga kwenye mlango wa kizazi, kadogo, tutakiangalia. Narudia vidonge baada ya wiki sita na kamera nyingine baada ya mwaka mmoja. Kuhusu ile metaplasia yangu ya shavu kasema hivyohivyo alivyosema Mzee, hiyo iache ilipo.

Damu sijaiona siku kumi na moja. Kukojoa kila saa bado kupo, kumepungua.

Jana nimempigia mdogo wangu kijijini, ana watoto wawili wa kiume, wa miaka 8 na 11. Nikamwambia waulize. Akaenda nje akarudi kwenye simu akasema wote wawili ndiyo, mwishoni, mkubwa tangu mwaka jana, hakusema kwa sababu wenzake wote nao inatoka. Zahanati ya kule wana darubini lakini mtaalamu anakuja Jumanne na Alhamisi, kwa hiyo Alhamisi wanaenda, nimemsisitiza asiwapeleke asubuhi na mapema, waondoke nyumbani saa tatu na njiani asiwaruhusu kukojoa.

Mpemba halisi
Kuna kilima njiani? Waambie wakimbie.